Mwongozo wa Mwaka wa Kwanza kwa Mjumbe wa Kujitolea wa Jumuiya ya Watumia Maji, Kigoma na Tabora

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu aliyechaguliwa juzi. Mkutano wa watumia maji umepiga kura, jina lako limeingia kwenye muhtasari kuwa mjumbe wa kamati, na hakuna mshahara uliotajwa kwa sababu haupo. Nimekuwa katibu wa jumuiya ya namna hiyo kwa vipindi viwili, kwenye kijito kimoja cha Kasulu ambacho maji yake huingia Mto Ruchugi, kisha Ruchugi ukaingia Malagarasi pale Uvinza, na Malagarasi ukamwaga katika Ziwa Tanganyika. Mjumbe wa Sikonge au Urambo anayelinda kijito kinacholisha Mto Ugalla analinda maji ya safari hiyo hiyo, kwa kuwa Ugalla nao huishia Malagarasi. Kwa hiyo, ingawa mikoa yetu ina mazao tofauti, nimewaandikia wajumbe wa pande zote mbili.

Kamati nyingi huanza kazi kwa kupanda miche. Ninashauri uanze kwa kukijua kijito, kutunza kumbukumbu na kunyoosha hesabu, kwa sababu ipo siku kamati itasimama mbele ya jirani na kumwomba aache kulima mahali ambapo baba yake alilima, na siku hiyo jirani huyo atatazama mambo mawili tu: kama mnakijua mnachokisema, na kama nyinyi wenyewe mmeanza kukitenda.

Hatua ya kwanza: Fahamu umechaguliwa kwenye chombo gani

Jumuiya za watumia maji zinatambuliwa na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009. Huundwa kwa makubaliano ya walio wengi miongoni mwa watu wanaotumia chanzo kimoja, nazo hupewa kazi ya kusimamia, kugawa na kuhifadhi maji ya chanzo hicho, kusuluhisha migogoro baina ya watumiaji, na kukusanya ada kwa niaba ya Bodi ya Maji ya Bonde. Nchi yetu imegawanywa katika mabonde tisa ya maji. Sehemu kubwa ya Kigoma na Tabora imo katika Bonde la Ziwa Tanganyika, ambalo ofisi yake kuu iko Kigoma mjini, lakini mjumbe wa upande wa Igunga, ambako maji huteremkia Wembere, yuko katika Bonde la Kati na ofisi yake iko Singida. Ulizia mapema ofisi yako ni ipi, na umfahamu kwa jina na kwa sura afisa anayeshughulikia kidakio chenu, yaani eneo ambalo maji yake hukusanyika kwenye mto wenu.

Watu watakuchanganya na chombo kingine. Kamati inayoendesha bomba na vituo vya kuchotea maji kijijini iko chini ya Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, ulioanzishwa kwa Sheria Na. 5 ya mwaka 2019. Nyinyi mnashughulika na chanzo na mto, wao wanashughulika na huduma inayomfikia mwananchi. Koki ikiharibika utaulizwa wewe, na usiahidi kitu kisicho chako. Mpeleke mwulizaji kwa wahusika, na ukipata nafasi mfuatane naye. Hata hivyo kaeni nao karibu, maana chanzo kikikauka bomba lao nalo limekauka.

Kabla ya kikao cha kwanza soma katiba ya jumuiya yenu mwanzo hadi mwisho. Ziandike pembeni akidi ya vikao, yaani idadi ya chini ya wajumbe wanaotakiwa kuwepo ili kikao kiwe halali, muda wa uongozi, na kiasi cha fedha ambacho kamati inaweza kukitumia bila idhini ya mkutano mkuu. Nimewahi kuona kikao kizima kikibatilika kwa sababu hakuna aliyekumbuka akidi.

Hatua ya pili: Kitembee kijito chote kwa miguu

Hii ndiyo kazi ninayoithamini kuliko zote, nayo haigharimu zaidi ya siku mbili na chakula cha kubeba. Nendeni mwezi wa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, kabla mvua hazijaanza, kwa kuwa wakati huo ndipo kijito huonyesha hali yake halisi: mahali maji yanapobaki, mahali yanapozama mchangani, na mahali ambapo mtu ameyakinga kwa viroba. Rudini tena Februari au Machi, wakati mvua imeshiba, ili mwone maji mekundu yanaingilia wapi, kwa sababu tope hilo ni shamba la mtu linalosafiri. Halikomei mtoni. Likifika Ziwa Tanganyika hufunika miamba ya ufukweni, ambako aina nyingi za samaki wa ziwa hili hula na kuzaliana.

Msafara usiwe wa wajumbe peke yao. Mwombeni mwenyekiti wa kitongoji mnachopitia, mzee mmoja aliyekulia hapo, na akina mama wanaochota maji kila siku. Mzee atawaambia chemchemi ipi ilikuwepo na sasa haipo, na mara nyingi jina la mahali kwa Kiha au Kinyamwezi hubeba habari hiyo hata kama chemchemi yenyewe imekufa. Mama anayechota maji atawaambia ni mwezi gani foleni huanza kuwa ndefu, na hiyo ni taarifa ambayo hakuna mtaalamu atakayeipata kwa kupita siku moja.

Andikeni kila mnachokiona, pamoja na tarehe na mahali. Simu yenye ramani husaidia kunukuu majira ya nukta, yaani namba zinazoonyesha mahali penyewe kwenye ramani, lakini msipokuwa nayo andikeni kwa alama za ardhini: mita 200 juu ya daraja la miti, chini ya mwembe mkubwa. Kwa upande wa Kigoma mtakuta bustani za mchicha na nyanya zilizosogea hadi ukingoni, mashimo ya udongo wa matofali, migomba, na vinu vya kukamulia mawese vinavyomwaga masalia yake kijitoni. Masalia ya mawese si takataka ndogo. Yana mafuta na mabaki mengi yanayooza, na yanapooza hula hewa iliyomo majini hata samaki na wadudu wa maji wakafa. Kwa upande wa Tabora angalieni vitalu vya tumbaku, ambavyo wakulima huviweka karibu na maji kwa sababu huhitaji kumwagiliwa wakati wa kiangazi. Tatizo kubwa la vitalu hivyo ni dawa: mkulima akimaliza kunyunyizia huosha bomba lake mtoni, na maji hayo hayo huchotwa na watu wa chini yake. Angalieni pia njia za mifugo kushuka majini, kwa maana kwato za ng'ombe wengi mahali pamoja huvunja ukingo kwa msimu mmoja.

Msimkaripie mtu yeyote siku hiyo. Mkimkuta mtu shambani mwake, msalimieni, mwambieni mnakagua kijito, muulizeni analima hapo tangu lini. Jina lake liandikwe baadaye, mkiwa mmeketi, ili asije akadhani orodha hiyo ni ya mashtaka.

Hatua ya tatu: Pimeni maji, na mwendelee kupima

Kamati isiyo na namba hubishana na kila mtu. Aliye juu ya mto husema maji hayajapungua, aliye chini husema yamekwisha, na wote wawili husema kweli kwa jinsi wanavyoona. Vipimo viwili rahisi vinatosha kuanzia.

Kwa chemchemi au mfereji mdogo unaoweza kukingwa, tumieni ndoo ya lita 20 na saa ya simu. Kingeni maji yote, hesabuni sekunde hadi ndoo ijae, rudieni mara tatu, kisha chukueni wastani. Ndoo ikijaa kwa sekunde 40, chemchemi inatoa nusu lita kwa sekunde, yaani lita 30 kwa dakika, na lita 43,200 kwa usiku na mchana. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka kiwango cha lita 25 kwa mtu mmoja kwa siku kwa huduma ya vijijini, kwa hiyo chemchemi hiyo, kama kila tone lingehifadhiwa tangini, ingeweza kuwatosha watu 1,700 hivi. Isomeni namba hiyo kwenye mkutano mkuu. Nimeona watu waliokuwa wakinong'ona pembeni wakinyamaza na kuanza kuuliza maswali ya maana.

Kwa kijito, chagueni sehemu iliyonyooka yenye urefu wa mita 10, isiyo na mawe makubwa. Pimeni upana, kisha kina mahali patatu au panne na mtafute wastani wake. Tupeni kitu kinachoelea, kama chungwa, ambalo huzama nusu na upepo haulisukumi, mhesabu sekunde linazotumia kumaliza mita hizo 10, na mrudie mara kadhaa. Tuseme upana ni mita 3, kina cha wastani ni mita 0.4, na chungwa limetumia sekunde 20, yaani mwendo wa nusu mita kwa sekunde. Zidisheni 3 kwa 0.4 kwa 0.5, mpate 0.6, kisha mzidishe kwa 0.85 kwa sababu maji ya juu hukimbia kuliko ya chini. Jibu ni mita za ujazo 0.51 kwa sekunde, sawa na lita 510. Kipimo hiki si sahihi kama cha vifaa vya Bodi, lakini kikirudiwa mahali pale pale, kwa njia ile ile, tarehe ile ile ya kila mwezi, kitaonyesha mwelekeo, na mwelekeo ndio mnaouhitaji.

Mpeni mtu mmoja jukumu hilo, na mwingine awe msaidizi wake. Ikiwa shule ya msingi iko karibu, mwombeni mwalimu mkuu awaruhusu wanafunzi wa darasa la sita washiriki, kwa kuwa hesabu hiyo iko ndani ya uwezo wao na wazazi wao watasikia majibu nyumbani jioni ile ile.

Hatua ya nne: Vikao na fedha

Muhtasari wa kila kikao uandikwe siku hiyo hiyo na usomwe mwanzoni mwa kikao kinachofuata, ukiwa na majina ya waliohudhuria, maamuzi, na jina la mtu mmoja aliyepewa kila kazi pamoja na tarehe ya kuimaliza. Uamuzi usio na jina la mtu hautekelezwi.

Fedha za jumuiya, hata zikiwa shilingi elfu hamsini, ziwekwe kwenye akaunti ya jumuiya yenye watia saini watatu wasiotoka katika familia moja. Mkipokea ada kwa simu, namba iwe imesajiliwa kwa ajili ya jumuiya, wala isiwe simu ya mweka hazina mwenyewe, kwa sababu siku akiugua au akihama hesabu zenu zimehama naye. Kila kinachoingia kikatiwe stakabadhi, kila kinachotoka kiwe na hati ya malipo, na kila baada ya miezi mitatu mapato na matumizi yabandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji. Kujitolea hakumaanishi kwamba mjumbe ajilipie nauli ya kwenda Kigoma mjini kupeleka taarifa. Mkutano mkuu na upange kiwango cha nauli na chakula, kiandikwe, kisha kisizidishwe kwa mapatano ya wajumbe watatu chini ya mti. Jambo hili nalisisitiza kwa uchungu. Nilishuhudia jumuiya moja ya jirani, yenye wajumbe wachapakazi kabisa, ikipoteza imani ya watu kwa ajili ya posho ya siku moja ambayo hakuna aliyeweza kuieleza, na mwaka uliofuata vigingi vyao vya mpaka wa ukingo viling'olewa bila mtu hata mmoja kusema neno.

Hatua ya tano: Anza na shamba lako

Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuathiri uhifadhi, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, bwawa au ufukwe wa ziwa. Kabla kamati haijamgusa mwananchi, kila mjumbe apime mita hizo kwenye ardhi yake, na ya mzazi wake, na ya mkwe wake.

Mimi nilikuwa na migomba na magimbi ndani ya eneo hilo. Ilikuwa migomba mizuri, na mke wangu ndiye aliyekuwa akiitunza, kwa hiyo mazungumzo ya kwanza niliyoyafanya kama katibu yalikuwa ya nyumbani, nayo yalichukua siku kadhaa. Tulikubaliana kwamba machipukizi yahamishiwe juu ya nyumba wakati wa mvua, na mashina ya zamani yaachwe hadi mikungu iliyokwisha kutoka ikomae, kisha yasipandwe tena. Tulipofika kwa mzee mmoja aliyekuwa na bustani kubwa kuliko zote kwenye kijito, kabla hatujaketi alituuliza, "Na migomba ya katibu?" Niliweza kumjibu kwamba aende akaone. Sina hakika tungefanikiwa kwake kama jibu lingekuwa jingine.

Mjumbe asiyeweza kuondoka ukingoni kwa mwaka huo aseme hivyo kikaoni, iandikwe, apangiwe muda kama mwananchi mwingine yeyote, na asipige kura katika maamuzi yanayohusu eneo lake.

Hatua ya sita: Mita 60 na watu waliomo ndani yake

Hesabu hii lazima kila mjumbe aielewe. Mita 60 kwa urefu wa kilometa moja ni hekta 6, karibu ekari 15. Kwa kingo zote mbili ni ekari 30 hivi. Katika kijiji ambacho familia nyingi zina ekari mbili au tatu, unazungumzia chakula cha nyumba kadhaa, na mara nyingi ni ile sehemu pekee inayotoa mboga wakati wa kiangazi. Anayesimama mkutanoni na kusema kwa wepesi kwamba wavamizi waondoke hajaielewa hesabu hii. Wengi wao hawakuvamia. Walirithi, au waligawiwa na uongozi wa zamani wa kijiji.

Kwa hiyo kazi iende kwa mpangilio, na isiharakishwe. Kwanza, mwiteni mtaalamu wa Bodi ya Bonde au wa halmashauri ya wilaya awaonyeshe ukingo unaanzia wapi, maana kijito cha Septemba na cha Machi havina ukingo mmoja, na kosa la mita kumi mwanzoni ni ugomvi wa miaka kumi. Kisha pimeni kwa kamba ya mita 20 mara tatu, mwenye shamba akiwepo na akishika ncha moja ya kamba yeye mwenyewe. Wekeni vijiti vya muda. Vigingi vya zege vya Bodi vije baadaye, watu wakishakubali mstari.

Pili, tengenezeni orodha ya kila mtu aliye ndani ya mstari: analima nini, eneo lina ukubwa gani, ana shamba jingine au hana, na zao lililopo litavunwa lini. Orodha hiyo igawanye watu katika mafungu. Wapo wenye mashamba mengine, hao wapewe muda hadi wavune. Wapo wenye mazao ya kudumu kama michikichi, ambayo kuikata kwa mkupuo kungeacha udongo wazi na kuleta tope kuliko awali. Kwa hao shaurianeni na mtaalamu kuhusu kuiacha izeeke bila kulimia chini yake wala kupanda mingine. Na wapo wachache ambao hawana pengine kabisa, mara nyingi wajane na vijana waliohamia. Fungu hili ndilo litakaloamua kama kazi yenu ni ya haki. Kwa hao iendeeni Halmashauri ya Kijiji, ambayo ndiyo yenye mamlaka ya kusimamia ardhi ya kijiji kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, mkaombe eneo mbadala kabla ya kuwaondoa, kisha ombi hilo lipitishwe na Mkutano Mkuu wa Kijiji.

Tatu, nendeni nyumba kwa nyumba kabla ya mkutano wa hadhara. Mtu akielezwa mbele ya umati kwamba shamba lake limo ndani ya mstari, atajibu kwa heshima yake, na si kwa hoja. Akielezwa uani kwake, na mzee wa ukoo akiwepo, atauliza maswali ya kweli: je, anaweza kuendelea kuchota maji, mifugo yake itanywa wapi, ataruhusiwa kukata majani ya kuezekea? Kuwa na majibu. Kuchota maji ya nyumbani kwa ndoo hakuhitaji kibali cha mtu. Mifugo inahitaji njia moja iliyokubaliwa, yenye mawe au changarawe ili isigeuke korongo, au bora zaidi birika la kunyweshea lililo nje ya mita 60. Mwenye pampu ya kumwagilia anahitaji kibali cha kutumia maji kutoka Bodi, na mumsaidie kukiomba badala ya kumtishia. Mwenye kinu cha mawese achimbe shimo la masalia mbali na maji, na anayenyunyizia tumbaku aoshee bomba lake shambani.

Nne, ndipo sheria ndogo zije. Halmashauri ya Kijiji huandaa rasimu, Mkutano Mkuu wa Kijiji huijadili, Kamati ya Maendeleo ya Kata huipitia, na Baraza la Madiwani la wilaya huiidhinisha. Hadi hapo ndipo faini inapokuwa halali. Kamati ya kujitolea haina mamlaka ya kumkamata mtu, kumnyang'anya jembe wala kumtoza fedha kwa amri yake, hata kama amekosa waziwazi. Mkimkuta mkosaji, andikeni, pigeni picha, mpelekeeni taarifa mtendaji wa kijiji, kisha mfuatilie hadi jambo liishe.

Ikiwa chanzo kimo ndani ya msitu wa hifadhi unaosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, taratibu ni nyingine, na mazungumzo yaanzie kwa mhifadhi wa eneo hilo.

Hatua ya saba: Miti, nyuki na moto

Eneo likishaachwa, subirini msimu mmoja wa mvua kabla ya kupanda kitu. Ardhi yetu ya miyombo ina nguvu ya kujiotesha. Visiki na mizizi huchipua yenyewe ikiwa jembe, moto na mifugo vimezuiwa. Kazi yenu ni kuchagua machipukizi mawili au matatu yenye afya kwa kila kisiki na kuyapogolea mengine. Kupanda kubaki kwa maeneo yaliyo wazi kabisa. Kwa nafasi ya mita 5 kwa mita 5, hekta moja huchukua miche 400, na hekta 6 za ukingo mmoja wa kilometa moja huchukua miche 2,400. Jiulizeni kama kweli mna watu wa kuitunza mingi hivyo.

Pandeni miti ambayo wazee wanaijua kuwa ya majini: mikuyu, mizambarau ya porini, na mingine ambayo kila eneo lina majina yake. Msipande mikaratusi karibu na chanzo, kwa kuwa hunywa maji mengi. Kwenye makorongo yaliyochimbika anzeni na mabingobingo na matete, ambayo mizizi yake hushika udongo katika msimu wa kwanza. Kitalu cha miche kianze Julai au Agosti, mashimo yachimbwe Oktoba, na miche iingie ardhini Novemba au Desemba, mvua zikiwa zimetulia. Wiki ya Maji, ambayo huadhimishwa tarehe 16 hadi 22 Machi, ni wakati mzuri wa kusoma taarifa na kuonyesha wageni mlichofanya, lakini si wakati wa kupanda, maana mche wa Machi hupata miezi miwili tu ya mvua kabla ya kiangazi kirefu. Mgeni akitaka kupanda mti siku hiyo, mpeni heshima ya kupalilia na kuwekea matandazo ule uliopandwa Desemba.

Mizinga ya nyuki ni rafiki mkubwa wa kazi hii, hasa Tabora ambako ufugaji nyuki ni urithi wa watu. Aliyepoteza bustani akipewa nafasi ya kwanza ya kutundika mizinga kwenye ukanda uliohifadhiwa, atakuwa mlinzi wake asiyelipwa. Ila pendekezo hilo lipitieni na mtaalamu kwanza, na mizinga ikae mbali na njia ya watoto wanaochota maji.

Moto ndio adui asiyengoja kikao. Safisheni njia za moto zenye upana wa mita sita hivi kuzunguka eneo mwezi wa Mei au Juni, nyasi zikiwa bado na unyevu, na muwe na orodha ya simu za watu kumi walio tayari kutoka usiku.

Hatua ya nane: Taarifa

Kila robo mwaka, katibu aandike taarifa ya kurasa mbili: vipimo vya maji, mabadiliko ya ukingo, migogoro iliyosuluhishwa na isiyosuluhishwa, fedha. Nakala moja iende Bodi ya Bonde, moja kwa mtendaji wa kata, moja ibaki kwenye faili. Msifiche yaliyoshindikana. Bodi ina mito mingi na maafisa wachache, na taarifa yenye tatizo lililoelezwa kwa namba na mahali ndiyo inayomfanya afisa apange safari.

Hatua ya tisa: Makabidhiano

Muda wako ukikaribia kwisha, anza maandalizi miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Panga vitu vya kukabidhi na uviorodheshe: katiba, hati ya usajili, daftari la mihutasari, vitabu vya stakabadhi, taarifa za benki, orodha ya watu wa mita 60 na makubaliano ya kila mmoja, daftari la vipimo, kamba na ndoo. Makabidhiano yafanyike mbele ya mtendaji wa kijiji, pande zote mbili zitie saini, na mabadiliko ya watia saini benki yafanywe wiki hiyo hiyo.

Baada ya hapo mchukue katibu mpya, mtembee naye kijito chote mwezi wa Septemba, na mkifika kwenye chemchemi mpe ndoo akinge maji yeye, wewe ushike saa, na kipimo hicho kiandikwe kwenye daftari kwa mwandiko wake.